Kwa nini amoksilini haitibu malaria?

Mama, mtoto akipata homa usimpe amoksilini iliyobaki nyumbani. Uwe Nyansurura au kijiji kingine cha Mara, homa hiyo inaweza kuwa ya malaria, nimonia au ugonjwa mwingine, na vijidudu vyake havifanani.

Bakteria ni seli moja ndogo sana isiyo na kiini. Bakteria wengi wamezungukwa na ukuta. Amoksilini huwazuia kuujenga ukuta huo, nao hupasuka. Seli za mtoto hazina ukuta, kwa hiyo dawa haizipasui.

Kimelea cha malaria pia ni seli moja, lakini kina kiini na vijisehemu vingine vya ndani kama seli zetu, na hakina ukuta wa aina hiyo. Ukimpa mtoto amoksilini, kimelea kitaendelea kuzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto, ambayo nayo haitibu nimonia.

Mpeleke zahanati siku hiyohiyo apimwe. Kipimo cha haraka cha malaria huhitaji tone la damu tu, na majibu hutoka kwa dakika 15 hadi 20. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au akipumua kwa shida, ni dharura: usisubiri.