Zamani Mkristo Ukambani Aliitwa Msomaji. Siku Hizi Je?

Wasee, tuanze na neno moja: asomi. Ni Kikamba, na kama unajua Kiswahili huhitaji mtu akutafsirie. Ni wasomaji. Huko Kitui na Makueni, hilo ndilo jina Wakristo wa kwanza walipewa. Wakikuyu walisema athomi, Waganda wakasema abasomi. Yaani jirani hakukutambua kwa msalaba shingoni wala kwa spika kubwa ya kanisa. Alikutambua kwa sababu unasoma.

Sasa angalia leo. Kuna mtoto wa miaka kumi, kila Jumapili yuko kanisani, anajua mistari ishirini kwa kichwa, na hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja kwa raha zake. Tulifikaje hapa? Naona historia ya Ukambani yenyewe inatujibu.

Krapf unamjua kutoka darasani. Mmisionari Mjerumani, akafika Kitui 1849, akapokelewa na Chifu Kivoi, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya. Sehemu ambayo wengi hatukuambiwa ni hii: mwaka uliofuata, 1850, Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba ilipigwa chapa mjini Tübingen, Ujerumani. Kitabu cha Kikamba, 1850! Reli hakuna, Nairobi hakuna.

Shida ni kwamba kitabu kilitangulia wasomaji. Krapf alirudi 1851, Kivoi akauawa wakiwa safarini kuelekea mto Tana, naye Krapf akaponea chupuchupu na kurudi pwani. Huko bara hakukuwa na shule ya misheni ya kumfundisha mtu kumsoma huyo Marko. Ikapita karibu miaka 40 hivi.

Miaka ya 1890 ndiyo mambo yakabadilika. Wamisionari Walutheri wakajenga vituo Ikutha na Mulango, upande wa Kitui. Desemba 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission wakafungua kituo chao cha kwanza Nzaui, Makueni ya leo. Scott mwenyewe alikufa kwa ugonjwa Desemba 1896, lakini kazi haikufa. Ndiyo AIC unayoijua. Agano Jipya la Kikamba likatoka 1920, Biblia nzima 1956.

Tofauti na siku za Krapf ni nini? Hawa walikaa. Kulikuwa na mtu wa kuketi na mwanafunzi, herufi kwa herufi, mpaka herufi zikawa maneno.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Kitabu peke yake hakizai msomaji. Anayemzaa msomaji ni mtu anayekaa naye. Fungua Matendo 8 uone. Yule towashi wa Ethiopia alikuwa na kitabu cha nabii Isaya mkononi, tena anasoma kwa sauti, lakini haelewi. Filipo hakumrushia kitabu kingine. Alipanda gari, akaketi kando yake.

Lakini hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili inatoka pale pale Mulango, ambako John Mbiti alizaliwa 1931. Dunia inamjua kwa African Religions and Philosophy ya 1969, kitabu ambacho bado kinasomwa vyuoni. Ila miaka kumi na tano kabla ya hapo, 1954, alikuwa ametoa kitabu cha hadithi kwa Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake. Ngewa ni hadithi. Linganisha na mwaka wa Biblia nzima, 1956. Hadithi ya Mutunga ilitangulia kwa miaka miwili, na aliyeiandika alikuwa na miaka 22 hivi, rika letu kabisa.

Huyu hakuwa mpinga kanisa. Baadaye alikuwa kasisi wa Kianglikana. Hakuona hadithi kama adui wa Neno. 1966 akatoa Akamba Stories, ngewa za watu wake alizozikusanya. Na uzeeni, akiwa amepita miaka 80, akatoa Agano Jipya la Kikamba alilolitafsiri mwenyewe kutoka Kigiriki. Ni mtu yule yule. Alianza na ngewa, akamalizia na Agano.

Sisi tunafanya kinyume. Mtoto akikosea, anaambiwa aandike mstari wa Biblia mara hamsini. Halafu tunashangaa akikua haigusi! Akishika kitabu cha hadithi anaambiwa anapoteza wakati, asome vya mtihani. Basi mtihani ukiisha, kusoma nako kumeisha. Mimi niliacha chuo, hakuna mtihani unaoningoja popote, na bado nasoma. Cheti si sababu ya kutosha ya kumfanya mtu afungue kitabu.

Najua mtu atasema vitabu ni bei, na mama kule Mutomo anawaza maji kabla ya kuwaza maktaba. Ni kweli kabisa. Lakini nyumba nyingi za Wakristo zina kitabu kimoja tayari, na kimejaa visa: Yona ndani ya samaki, Daudi na jitu, Ruthu ugenini. Kisomwe kama kisa, kwa sauti, bila swali la mtihani mwishoni. Na susu yuko na ngewa zake. Mtoto azisikilize, aziandike kwenye daftari, kisha amsomee susu alichoandika. Hapo umepata kitabu bila kwenda dukani, na Mbiti alianzia karibu na hapo.

Kama una mdogo wako nyumbani, leo jioni weka simu kando dakika kumi na tano. Yeye asome ukurasa mmoja, wewe usome unaofuata. Akikwama kwa neno, usimcheke. Kaa hapo hapo kando yake mpaka alipate.