Leseni za Urembo na Kipimo cha Madhara

Serikali inapomtaka mtu ashikaye mkasi, uzi au tupa ya kucha awe na leseni kabla ya kugusa mwili wa mwenziwe, hoja itolewayo aghalabu ni hifadhi ya afya. Na hoja hiyo, ingawa wako waidharauo kwa kudhani kwamba urembo ni anasa isiyo na hatari, ina ushahidi wake. Mwaka 2000, katika mji wa Watsonville, California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja ya kucha walitokwa na majipu sugu miguuni, na maofisa wa afya walipochunguza wakaona ya kuwa kijidudu kiletacho maradhi yale kilikuwa kimefanya maskani ndani ya mabeseni ya kuoshea miguu, nyuma ya vichujio vya maji, ambako nywele na ngozi za waliotangulia zilikuwa zimerundikana pasipo mtu kuvifungua na kuvisugua. Na waliokuwa wepesi wa kudhurika ni wale walionyoa miguu kwa wembe kabla ya kwenda kutengenezwa. Asiyeona hapo kwamba serikali ina haki ya kuingia saluni na kutazama, sina la kumwambia.

Walakini kilichokosekana Watsonville ni usafi wa kichujio, na California, baada ya msiba ule, ilitoa kanuni za kusafisha mabeseni. Ilhali kipimo ambacho majimbo ya Marekani yamezoea kukitumia katika kutoa leseni ni idadi ya saa alizokaa mtu darasani. Katika Texas watinda nyusi kwa uzi, ambao kazi yao haina wembe, wala nta, wala dawa yoyote, ila uzi wa pamba uliosokotwa vidoleni, walilazimishwa kuhudhuria mafunzo ya saa 750, hata Ashish Patel na wenziwe wakaenda kushtaki, na tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, majaji sita dhidi ya watatu, ikalibatilisha sharti hilo, kwa kuwa saa zipatazo 320 katika hizo hazikuhusiana na kazi yao wala na usalama wa wateja. Mteja hapati salama yoyote kwa fundi kujifunza asilolitenda. Mwenye kupata ni mwenye shule apokeaye karo, na fundi wa zamani ambaye kila saa iongezwayo humpunguzia washindani.

Ususi nao umepatwa na mkasa uo huo. Jestina Clayton, mzaliwa wa Sierra Leone aliyejifunza kusuka tangu utotoni, kama wasusi wetu wa pwani wajifunzavyo vichwani mwa ndugu zao barazani, aliambiwa na jimbo la Utah apate leseni ya urembo ambayo mafunzo yake wakati huo yalikuwa saa 2,000, na ndani yake hamkuwa na takriban chochote cha ususi wa Kiafrika. Mahakama ya shirikisho ilimpa haki mwaka 2012.

Wako wanaojibu kwamba pasipo leseni serikali haina pa kumshika mkosaji. Hoja hii nzito, nami siipuuzi, maana mkaguzi hawezi kukagua duka asilojua liliko. Lakini kinachohitajika kwa jambo hilo ni daftari la majina na ruhusa ya kukagua, na darasa refu likiwapo liwe kwa yule achanganyaye dawa kali za nywele au achubuaye ngozi, kila mmoja kwa kadiri ya madhara awezayo kuyatenda. Njia hii si ndoto. Mississippi, ambako msusi Melony Armstrong alipambana na sheria kwa miaka kadhaa, ilibadili mambo mwaka 2005: msusi alitakiwa ajiandikishe kwa idara ya afya, alipe dola 25, afuate maelekezo ya usafi, kisha aanze kazi yake.