Nusukaputi na Ubongo wa Mtoto Mchanga

Nusukaputi ni usingizi mzito wa dawa unaomfanya mgonjwa asisikie maumivu, asijitingishe wala asikumbuke yaliyotokea wakati wa upasuaji. Tangu dawa ya usingizi ya etha ilipotumika hadharani mjini Boston mwaka 1846, madaktari waliamini kwamba dawa ikishatoka mwilini, ubongo hurudi ulivyokuwa. Kwa mtoto mchanga, ambaye ubongo wake bado unajijenga, imani hiyo ilianza kutiliwa shaka mwishoni mwa miaka ya 1990.

Dawa zenyewe ni nyingi. Kuna gesi na mivuke inayovutwa kwa pumzi, kama sevoflureni, isoflureni, halotheni na naitrasi oksaidi. Na kuna zinazodungwa mshipani, kama propofoli, midazolamu na ketamini. Pamoja na wingi huo, karibu zote hupitia njia mbili. Nyingi huchochea vipokezi vya GABA, ambavyo hutuliza seli za neva. Ketamini na naitrasi oksaidi huziba vipokezi vya NMDA, ambavyo huziamsha. Kwa njia yoyote ile, mawasiliano kati ya seli na seli hukatika na mgonjwa hupoteza fahamu.

Ubongo uliokomaa ukinyamazishwa kwa saa mbili tatu, seli zake huamka na kuendelea na kazi. Ubongo unaokua una hesabu nyingine. Kuanzia miezi ya katikati ya ujauzito hadi mtoto anapokaribia miaka 3, seli za neva huota matawi na kuunganishwa kwa kasi kwa viungo vinavyoitwa sinapsi. Ubongo hutengeneza seli nyingi kuliko zitakazobaki. Seli inayopata wenzake na kupokea ishara huhifadhiwa. Isiyosikia kitu hujiua kwa utaratibu uliomo ndani yake, unaojulikana kama apoptosisi. Upogoaji huo ni wa kawaida na wa lazima. Hofu ya wanasayansi ni kwamba dawa inayoinyamazisha seli kwa saa nyingi katika kipindi hicho huipa habari ya uongo, kwamba haina mwenzake na haihitajiki tena.

Kuna jambo jingine la kushangaza. Katika seli changa, GABA inayomtuliza mtu mzima huweza kusisimua. Sababu ni kloraidi, sehemu mojawapo ya chumvi. Seli changa huwa na kloraidi nyingi ndani, kwa hiyo mlango wa GABA ukifunguka kloraidi hutoka badala ya kuingia, na seli huamka badala ya kutulia. Pampu za kuitoa nje huongezeka kadiri ubongo unavyokomaa, na hapo mwelekeo hugeuka. Kumchukulia mtoto mchanga kama mtu mzima aliyepunguzwa kilo ni kosa kubwa, na hili ni moja tu kati ya mambo mengi yanayothibitisha hivyo.

Mwaka 1999 watafiti, akiwemo John Olney wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, walionyesha kwamba panya wachanga wakizibwa vipokezi vya NMDA kwa saa kadhaa, seli zao za neva hufa kwa wingi. Mwaka 2003 Vesna Jevtovic-Todorovic na wenzake, Olney akiwa mmoja wao, walilileta jambo hilo karibu zaidi na chumba cha upasuaji. Panya wa siku 7 walilazwa kwa saa 6 kwa mchanganyiko wa midazolamu, naitrasi oksaidi na isoflureni, dawa ambazo watoto hospitalini walikuwa wakipewa. Bongo zao zilikutwa na seli nyingi mno zilizokuwa zikijiua. Walioachwa wakue walipimwa kwenye dimbwi la maji lenye jukwaa dogo lililofichwa chini ya uso wa maji. Panya wa kawaida akishalifikia mara chache hukumbuka lilipo, akaliogelea moja kwa moja. Hawa waliolazwa uchangani walichelewa kujifunza.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito. Saa 6 katika maisha mafupi ya panya si sawa na saa 6 za mtoto. Tena ni vigumu kufuatilia pumzi na damu ya kipanya cha gramu chache, na huenda seli ziliuawa na upungufu wa hewa badala ya dawa. Hoja hii ya pili ilidhoofika majaribio yalipohamia kwa kima aina ya rhesus, ambao waliwekewa mpira wa kupumulia na kupimwa presha, oksijeni na sukari kama inavyofanywa kwa mtoto. Mwaka 2010 iliripotiwa kwamba saa 5 za isoflureni kwa kima wa siku 6 ziliongeza vifo vya seli. Waliopewa ketamini kwa saa 24 walifanya vibaya katika majaribio ya kujifunza kwa miaka kadhaa. Lakini saa 3 za ketamini hazikuonyesha vifo hivyo vya seli. Kwa maoni yangu huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko yote ya maabara: muda wa kulazwa ndio unaoamua mengi.

Kwa binadamu swali ni gumu zaidi, kwa kuwa hakuna mtoto anayepewa nusukaputi bila sababu. Ugonjwa uliompeleka kwenye kisu, kuzaliwa njiti, au wiki za kulazwa wodini, vyote huweza kuugusa ubongo. Mwaka 2009 watafiti wa Mayo Clinic walichunguza kumbukumbu za watoto 5,357 waliozaliwa eneo moja la Minnesota, Marekani. 593 kati yao walikuwa wamepewa nusukaputi kabla ya kufikisha miaka 4. Waliopewa mara moja hawakuwa na matatizo zaidi ya kujifunza kuliko wenzao. Waliopewa mara mbili au zaidi walikuwa nayo zaidi. Je, ni dawa, au ni ugonjwa uliowarudisha hospitalini? Kumbukumbu za hospitali peke yake haziwezi kujibu hilo.

Jaribio lililoweza kuitenga dawa na ugonjwa linaitwa GAS. Liliwahusisha watoto wachanga 722 waliohitaji kushonwa ngiri, katika hospitali 28 za nchi 7, zikiwemo Australia, Italia na Marekani. Wote walikuwa na ugonjwa ule ule na upasuaji ule ule. Kura ndiyo iliyoamua nani apewe sevoflureni na nani apewe ganzi ya mgongo. Kwa ganzi ya mgongo, mtoto huketishwa au kulazwa ubavu, muuguzi akimkunja taratibu hadi mgongo ujipinde. Sindano nyembamba hupita kati ya pingili za chini, na baada ya dakika chache miguu hulegea. Mtoto hubaki macho, mara nyingi akinyonya chuchu bandia iliyochovywa maji ya sukari, huku daktari akiendelea na kazi yake. Nusu ya watoto wa kundi la sevoflureni walilazwa kwa dakika 54 au pungufu. Watoto wa makundi yote mawili walipofikisha miaka 5 walipimwa akili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalikuwa wastani wa 99.08 kwa waliopewa ganzi na 98.97 kwa waliopewa nusukaputi. Hakuna tofauti hapo. Wengi walikuwa wavulana, kwa kuwa ngiri huwapata wao zaidi, na hilo halina budi kukumbukwa, lakini ushahidi wenye nguvu kuliko huu kuhusu upasuaji mfupi haujapatikana.

Utafiti wa PANDA uliotolewa mwaka 2016, uliolinganisha jozi 105 za ndugu, mmoja aliyelazwa kwa nusukaputi mara moja kabla ya miezi 36 na mwenzake asiyelazwa, ulifikia jibu hilohilo. Utafiti mwingine wa Mayo Clinic, MASK, ulitolewa mwaka 2018 ukiwa na watoto 997. Hata waliolazwa mara nyingi hawakupungukiwa akili kwa jumla, ila kasi yao ya kuchakata mambo na wepesi wa vidole vilikuwa chini kidogo, na wazazi wao walieleza zaidi matatizo ya tabia na ya kupanga mambo.

Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu matumizi ya kurudiarudia au ya zaidi ya saa 3 kwa watoto walio chini ya miaka 3 na kwa wajawazito walio katika miezi 3 ya mwisho. Onyo hilo lilisomwa na wazazi wengi kama katazo, jambo ambalo halikuwa kusudi lake. FDA yenyewe ilisema upasuaji unaohitajika usicheleweshwe.

Kumpasua mtoto bila dawa ya kutosha nako kuna gharama yake, na iliwahi kulipwa. Hadi miaka ya 1980 watoto wengi wachanga walipasuliwa kwa dawa kidogo mno, wakilegezwa misuli tu na kupewa naitrasi oksaidi. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford waligawa watoto njiti waliofanyiwa upasuaji wa mshipa wa karibu na moyo katika makundi mawili. Walioongezewa fentanili, dawa kali ya maumivu, walikuwa na homoni chache za mshtuko na matatizo machache baada ya upasuaji. Maumivu yasiyozuiwa huumiza mwili wa mtoto, hata kama hawezi kusimulia.

Pia kuna hatari ambazo hazina ubishi wowote. Ubongo wa mtoto huharibika upesi oksijeni ikikosekana, presha ikishuka mno, hewa ya kaboni dioksaidi ikipanda au kushuka kupita kiasi, au sukari ikipungua. Kwa hiyo kipimo cha oksijeni kidoleni na mtaalamu wa usingizi asiyeondoka kando ya mtoto vina uzito kuliko jina la dawa iliyomo kwenye bomba la sindano. Katika hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki, ketamini ndiyo tegemeo, kwa sababu kwa kawaida haizuii pumzi wala haishushi presha kama dawa nyingine. Kuikataa kwa sababu ya kima waliolazwa saa 24 kungemnyima mtoto dawa inayomfaa. Hata kufunga kabla ya upasuaji kunahusika. Kwa kawaida maziwa ya mama husimamishwa saa 4 kabla, na maziwa mengine au chakula saa 6 kabla. Mzazi anayemfungisha mtoto usiku kucha na hadi mchana, akidhani anaongeza usalama, anamweka kwenye hatari ya kukaukiwa maji na kushukiwa sukari.

Upasuaji wa hiari unaweza kusogezwa mbele hadi mtoto akue, na wataalamu wanaweza kupanga kazi mbili zifanywe kwa usingizi mmoja. Ngiri iliyonasa, utumbo ulioziba, mgongo wazi na kichwa kikubwa kilichojaa maji havina nafasi hiyo. Kwa kichwa kikubwa, mpira unaopitisha maji ya ubongo hadi tumboni huweza kuziba au kuingia wadudu, na mtoto akarudishwa kwenye kisu tena na tena. Katika hospitali ya CURE huko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aliendeleza mbinu ya kuyafungulia maji hayo njia ndani ya ubongo kwenyewe kwa kutumia kamera nyembamba, pamoja na kuunguza tishu zinazoyatengeneza. Mbinu hiyo nayo hushindwa kwa baadhi ya watoto. Inapofaulu, mtoto anaishi bila mpira, na mama yake hahitaji kumpeleka Mbale kila mpira unapoziba.