Panya Wasio na PLC-zeta: Je, Hoja ya Kimeng'enya cha Mbegu Imevunjika?

Tangu PLC-zeta ielezwe mwaka 2002, wengi wetu tumekuwa tukifundisha kwamba kimeng'enya hiki, kinachoingia na mbegu ya kiume, ndicho kinachoamsha yai la mamalia. Kisha mwaka 2017 na 2018 zikaja taarifa za panya walioondolewa jeni yake, na madume hao wakapata watoto. Wakosoaji wakadaka hapo hapo: kumbe kimeng'enya si cha lazima. Nadhani wameharakisha.

Kuhusu njia yenyewe hakuna ubishi wa maana. PLC-zeta huzalisha IP3, nayo hufungua milango ya hifadhi ya kalsiamu ndani ya yai. Mwaka 1992 kundi la Miyazaki lilizuia kipokezi cha IP3 kwa kingamwili katika mayai ya hamsta, na mawimbi ya kalsiamu yanayoliamsha yai yakazimika. Ubishi ni nani anayewasha.

Tuwatazame basi panya hao kwa karibu. Mbegu zao zilipodungwa kwa sindano hadi ndani ya yai, mawimbi ya kawaida hayakuonekana. Zilipoachwa ziungane na yai zenyewe, kalsiamu ilipanda, lakini kwa kuchelewa na mara chache tu. Athari yake ilionekana wazi. Kalsiamu ndiyo inayoviamuru vijifuko vilivyo chini ya utando kumwaga vimeng'enya vya kuukaza ukuta wa yai; amri ilipochelewa, mayai mengi yaliingiwa na mbegu zaidi ya moja. Idadi ya watoto nayo ilipungua. Huo si mwenendo wa mbegu iliyopoteza kitu kisicho na kazi.

Kitu kisicho na kazi hiyo tunakijua kilivyo. PAWP, protini nyingine ya mbegu na mshindani mkuu wa PLC-zeta, iliondolewa kwa panya mwaka 2015: madume wakazaa kama kawaida na mawimbi yakabaki yale yale. (Osilini, mgombea mwingine aliyependekezwa mwaka 1996, haihitaji hata kujadiliwa; ilibainika kuwa kimeng'enya cha umetaboli wa glukosamini.)

Nakubali kwamba ipo njia ya akiba. Kwa kuwa imejitokeza pale tu mbegu ilipoungana na yai yenyewe, nashuku inategemea muungano wa tando, na sindano huupita muungano huo. Wafuasi wa kipokezi cha nje, wanaodhani mbegu huliamsha yai kwa kugusa kipokezi kilicho juu ya utando wake, wanaweza kuidai, ila akiba dhaifu namna hiyo haiwapi cheo cha mwanzilishi.

Kwa binadamu jambo hili lina uzito wa kitabibu. Mwaka 2016 ilitolewa taarifa ya ndugu wawili wenye kasoro katika jeni ya PLC-zeta, ambao kwao utungisho kwa sindano ulishindikana. Mwanamume mwenye kasoro hiyo, akipelekwa kwenye sindano, huenda ananyimwa hata ile akiba. Sisemi utungisho wa kawaida wa maabara ungemfaa, maana ushahidi wa panya hauhamishiki hivi hivi. Nasema kipimo cha PLC-zeta kitangulie, kabla ya sindano kurudiwa na kabla ya yai kumiminiwa dawa ya kupandisha kalsiamu kwa nguvu.