Msimbo wa akaunti (ankara za mauzo)

Msimbo wa akaunti ni namba au jina fupi linaloonyesha ni akaunti ipi itakayopokea kiasi cha kila mstari wa ankara katika programu ya uhasibu. Kosa la msimbo hutokea pale ambapo kiasi ni sahihi lakini kimepelekwa kwenye akaunti isiyo yake.

Urari hauwezi kugundua kosa hili, kwa kuwa unalinganisha jumla ya debiti na krediti tu. Kwa mfano, duka la Kenya likiuza bidhaa ya shilingi 100,000 pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 16, mteja hudaiwa 116,000. Kati ya hizo, 100,000 ni mauzo na 16,000 ni deni la duka kwa serikali. Kiasi chote kikiandikwa kama mauzo, hesabu hulingana vilevile, lakini faida huonekana kubwa kuliko ilivyo, na mwenye duka anaweza kutumia fedha zisizo zake. Hali ni hiyohiyo kwa malipo ya awali ya mteja ambaye bado hajapewa bidhaa. Pikipiki kuukuu ya biashara ikiuzwa kwa ankara ya kawaida na kuhesabiwa kama mauzo, hilo huitwa kosa la kanuni, maana kilichouzwa ni mali ya kudumu.

==Kuzuia==

Kinga iliyo bora ni kuunganisha akaunti na bidhaa yenyewe. Katika QuickBooks, akaunti ya mapato huwekwa wakati bidhaa au huduma inaposajiliwa, hivyo mwandishi wa ankara huchagua bidhaa tu. Katika Xero kila mstari una nafasi ya akaunti inayoweza kubadilishwa, kwa hiyo uangalifu unahitajika zaidi. Hata hivyo, bidhaa iliyosajiliwa vibaya hurudia kosa lilelile katika kila ankara. Usajili huo ufanywe na mtu anayeelewa hesabu.

Orodha fupi ya akaunti husaidia pia. Akaunti ya "mapato mengine" hugeuka jaa upesi iwapo majina ya nyingine hayaeleweki. Mfumo wa OHADA, unaotumika pia katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hutumia 701 kwa mauzo ya bidhaa na 706 kwa huduma: tarakimu moja tu ndiyo inayotofautiana, kwa hiyo ni salama zaidi kuchagua kwa jina kuliko kuandika namba.

==Kusahihisha==

Kila mwisho wa mwezi leja ya mapato husomwa mstari kwa mstari kabla ya kufunga kipindi. Kosa la akaunti pekee hurekebishwa kwa ingizo la jarida, bila kugusa deni la mteja. Ikiwa ankara yenyewe ina kodi isiyo sahihi na imeshatolewa, haifutwi. Hutolewa noti ya krediti, kisha ankara mpya.