Posho ya Wajane wa Marekani na Umri wa Wana Wao

Katika mwaka 1911 jimbo la Illinois, Marekani, lilitunga sheria ya kuwapa kina mama maskini, wengi wao wajane, posho ya kila mwezi, ili watoto wao wasipelekwe katika nyumba za mayatima. Majimbo mengi yaliifuata. Baadhi ya waombaji walinyimwa, aghalabu kwa kudhaniwa kuwa wanajiweza. Majina ya wengi, waliopewa na walionyimwa, yakabaki madaftarini.

Mwaka 2016 wataalamu wa uchumi walitangaza matokeo ya kuwalinganisha wana wa pande zote mbili. Wana wa waliopewa walisoma zaidi, wakapata kipato kikubwa zaidi ujanani, wakaishi kwa wastani mwaka mmoja zaidi. Karani aliyelifuta jina hakujua ya kuwa alipunguza pia siku za mtoto.