Hatima ya Nyonga Iliyopasuliwa: Hoja ya Ufuatiliaji wa Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo, Bukoba na Muleba

Upasuaji wa nyonga kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo haupimwi siku plasta inapokatwa. Unapimwa mtoto akishabalehe: je, anaketi bila maumivu, mlezi anamtawaza na kumbadilisha nguo bila kumliza, na nyonga bado imo mahali pake? Kwa kipimo hicho, nadai kwamba katika Bukoba na Muleba swali la nani apasue na kwa mbinu gani ni la pili. La kwanza ni nani atakayehakikisha nyonga hiyo inapigwa eksirei mwaka hadi mwaka, kabla na baada ya kisu.

Wengi wa watoto hawa huzaliwa na nyonga nzima. Kukakamaa kwa misuli ya ndani ya paja, pamoja na kukosa kusimama na kutembea, huisukuma nje polepole, mara nyingi bila maumivu mwanzoni. Utafiti uliofanyika jimbo la Victoria, Australia, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta tatizo hili kwa takribani theluthi ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Halikuwapo kwa wanaotembea bila shida, lakini kwa wale wasioweza hata kukaza shingo lilifikia asilimia 90. Mama huwa wa kwanza kuona mapaja yakigoma kupanuka anapomfunga mtoto mbeleko, na muuguzi anayepuuza kauli hiyo anakosea. Hata hivyo haitoshi, kwa sababu nyonga inaweza kuchomoka huku mapaja yakipanuka vizuri. Picha ndiyo inayoamua, na kuisoma hakuhitaji bingwa. Unachora mstari mlalo kupitia nyonga zote mbili, unashusha mwingine wima kwenye ukingo wa nje wa kikombe cha nyonga, kisha unapima kwa rula ni sehemu gani ya kichwa cha mfupa wa paja imebaki nje. Ikizidi asilimia 30, mtoto anafuatiliwa kwa karibu. Ikizidi 40, mazungumzo ya upasuaji yameiva.

Wapo wanaotetea upasuaji mdogo wa mapema, yaani kukata misuli iliyokaza, kwa kuwa ni nafuu na hospitali nyingi zinaweza kuufanya. Matokeo yake ya miaka mingi yanatutaka tuwe waangalifu. Huko huko Australia, watoto 330 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 7 hivi baada ya upasuaji huo, na kwa ujumla ulifanikiwa kwa asilimia 32 tu. Waliokuwa wakitembea wenyewe walifanikiwa karibu wote. Walioathirika zaidi, asilimia 14. Upasuaji mkubwa, wa kukata na kupanga upya mfupa wa paja na pengine wa nyonga, hudumu zaidi, lakini nao una gharama yake: wiki kadhaa kwenye plasta, vidonda vya mgandamizo, mifupa dhaifu inayovunjika plasta ikitolewa, na nyonga inayoweza kurudi nje mtoto akiendelea kukua. Anayeondoka wodini bila tarehe ya picha inayofuata ameachwa nusu ya tiba. Kusini mwa Uswidi ulipoanza mpango wa kufuatilia nyonga za watoto wote wenye mtindio wa ubongo mwaka 1994, waliokuwa wakifikia kuteguka kabisa walishuka kutoka takribani mmoja kati ya 10 hadi chini ya mmoja kati ya 100. Wapasuaji walikuwapo hata kabla ya mpango; kilichoongezwa ni daftari na ratiba.

Pingamizi zito zaidi linatoka jirani. Huko Iganga na Mayuge, Uganda, vifo vya watoto na vijana wenye mtindio wa ubongo vilikutwa kuwa takribani mara 25 ya vile vya wenzao, na upungufu wa damu na malaria vikiwa miongoni mwa sababu kuu. Je, si anasa kuhesabu asilimia za nyonga wakati mtoto anakufa kwa upungufu wa damu na homa? Hoja hii ingeshinda kama ufuatiliaji ungekuwa mpango wa peke yake. Lakini anayemleta mtoto kwa picha anamleta pia kwenye mizani, kwenye kipimo cha malaria na kwenye dawa za kifafa. Muleba, wilaya ambayo majaribio yake ya vyandarua yalibadilisha mwongozo wa dunia, inajua kufuatilia kaya kwa miaka. Pingamizi la pili ni kwamba kugundua tatizo bila bingwa wa kulitibu ni ukatili. Mimi naona kinyume: asiyegunduliwa mapema hufika hospitali ya Bugando, Mwanza, nyonga ikiwa imeharibika, na hapo hubaki upasuaji wa kupunguza maumivu tu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Mwanza haisubiri tena kivuko. Nauli, hata hivyo, bado ni ya mzazi.

Kwa hiyo kambi za upasuaji zinazokuja na kuondoka zisipewe watoto walioathirika zaidi bila sharti. Hospitali za Rubya, Kagondo, Ndolage na ile ya rufaa ya mkoa Bukoba zianze na daftari moja la pamoja, lenye jina la kila mtoto mwenye mtindio wa ubongo, wakiwamo wa visiwa vya Bumbire na Goziba, tarehe ya picha yake na namba ya simu ya mlezi. Mpasuaji asiyekubali kulijaza asiruhusiwe kupasua.